Sinema ya Mferejini

Televisheni ya klabu ya reli pale Voi ilipoharibika, mume wangu alikosa sinema zake za kauboi, na mimi nikafurahi. Nilidhani sasa jioni atakaa nyumbani. Kumbe atahamia mferejini.

Pale mferejini, kwenye bomba la maji la mtaa, mwanamke jirani yetu alikuwa akitusimulia sinema za Kihindi. Alikuwa na dada yake Mombasa, na kila akitoka huko alirudi na sinema nzima kichwani. Maji yakitiririka kidogo kidogo, sisi na ndoo zetu tulimsikiliza: msichana yuko ghorofani, kijana yuko chini kwenye mvua, baba mtu amekataa. Penye wimbo aliimba, Kihindi cha kweli au cha kubuni sijui, mabega yakicheza.

Mume wangu akaanza, "Lete ndoo nikusaidie." Mwanamume wa Kitaita na ndoo, miaka ile ya sabini!

"Huyu wako amelogwa na maji?" wanawake waliniuliza.

Niseme haki: jirani hakumtazama zaidi ya alivyotutazama sisi. Na alisimulia vizuri. Hapo ndipo paliponiuma. Angekuwa mchokozi ningemchukia nikapumzika.

Kisha jirani akaenda kwao Mwanda kupalilia, akaacha sinema nusu, msichana ameshapakiwa garini kupelekwa kuolewa na tajiri. Siku ya pili mume wangu akaniuliza, "Unafikiri atafika kwa huyo tajiri?"

"Keti nikumalizie," nikasema. Ujasiri huo sijui niliutoa wapi. Sinema ya Kihindi sikuwa nimeona hata moja.

Nikamleta kijana juu ya farasi, akaziba barabara.

"Farasi ametoka wapi?"

"Ameazima kwa kauboi wako."

Akasogeza kiti. Nilipofika penye wimbo nikakwama, maana nilizijua nyimbo za kwaya tu. Nikaimba ule wa Kidawida, lugha yetu Wataita, wa sikukuu ya mavuno, polepole.

"Mama watoto, huo si wa kanisani?"

"Ndio. Wanafunga ndoa."

"Wahindi?"

"Niendelee ama niache?"

"Endelea."

Jirani aliporudi alimalizia yake. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, siwezi kukataa, na mume wangu alikuwepo, ndoo mkononi. Nilimchunguza uso wote. Gari la msichana lilipofika kwa tajiri bila kuzuiwa na mtu, alinigeukia mimi, akatikisa kichwa kidogo, kama anayeuliza farasi yuko wapi.

Lakini sina hakika. Labda ni jua lililomwingia machoni.