Flaiwili ya binti wa Njue

Saa mbili asubuhi, nyuma ya soko la Gakoromone mjini Meru, Kailemia anazima mashine yake ya kukereza vyuma, anavua miwani na kufumba macho kwa muda.

"Macho yakichoka, mkono hudanganya," anasema. "Kwa hii kazi, mkono ukidanganya mtu anaumia."

Mbele yake, ikiwa imebanwa na meno ya mashine, ni flaiwili, ile sahani nzito ya chuma inayofungwa nyuma ya injini ili izunguke bila kusitasita. Unga wa chuma umejaa kwenye mikunjo ya vidole vyake.

Juu ya ndoo iliyopinduliwa ameketi Ciakuthii, mwanamke wa miaka 31 kutoka Runyenjes, Embu. Hushindana katika mbio za magari ya kupanda miamba na kuvuka mito mikavu kule Mbeere. Anataka flaiwili yake ipunguzwe uzito ili injini ichangamke upesi anapozama kwenye mchanga.

Kailemia, 59, amefanya kazi za namna hii tangu ujana wake. Lakini hii aliikataa mwanzoni, kwa sababu Ciakuthii ni binti wa Njue.

Njue na Kailemia ndio waliofungua karakana hii. Njue alishika injini, Kailemia akashika mashine. Miaka tisa iliyopita, msafirishaji mmoja wa miraa kutoka Kangeta aliwaletea pikapu iliyokuwa ikitetemeka. Hakuwaeleza kwamba fundi wa mahali pengine alikuwa ameikereza flaiwili yake hadi ikabaki nyembamba mno.

Njue aliingia kwenye usukani, akawasha, akakanyaga mafuta ili ausikilize ule mtetemo. Kailemia alikuwa amesimama mlangoni.

Flaiwili ilipasuka. Vipande vilitoboa giaboksi, vikapita kwenye sakafu ya gari na kuusaga mguu wa kushoto wa Njue. Kailemia aliufunga kwa ukanda wa tyubu, wakampakia kwenye gari la muuza kabichi na kumkimbiza hospitalini. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Njue alirudi kwao Runyenjes kulima kahawa. Kailemia akabaki peke yake na karakana.

"Watu walimpa pole yeye, na ni haki yake," anamwambia mwandishi huyu. "Lakini mimi kila asubuhi nafungua mlango ule ule. Nimechoka, kijana. Si mwili tu."

Ndiyo maana Ciakuthii alipofika mwezi uliopita na ombi lake, Kailemia alimwambia aende kwa mtu mwingine. Binti huyo hakubishana. Aliwasha gari na kuondoka.

Jioni hiyo Kailemia alimsimulia mkewe, Kaari, akitarajia kusifiwa. Mama huyo, akichambua mboga, akauliza, "Na umemfukuza aende kwa nani?"

Swali hilo lilimvunja. Alijua kwamba mtu mwingine angemkatia binti huyo chochote anachotaka. Kulipokucha alimpigia simu, akamwambia arudi, ila kwa sharti moja: baba yake ajulishwe.

Ciakuthii hakuwa amemwambia. Walimpigia Njue wakiwa pamoja karakanani, simu ikiwa imewekwa juu ya meza ya kazi. Binti alieleza. 

Njue akasema, "Kailemia, kata wewe. Wewe uliona."

Tangu hapo kazi imekwenda polepole. Flaiwili ya kwanza aliyoleta Ciakuthii ilikuwa ya chuma cha kumiminwa, ambacho huvunjika kama kigae. Kailemia aliiosha, akaipaka dawa nyekundu ya kufichua nyufa, na mstari mwembamba kama unywele ukajitokeza kando ya tundu la bolti. Akaikataa.

Ciakuthii alikasirika. Mashindano yalikuwa yamekaribia, na kutafuta nyingine kulimaanisha kuyakosa. Aliyakosa. Alirudi baadaye na flaiwili ya stili, nzima, isiyo na ufa.

Hiyo ndiyo iliyo kwenye mashine asubuhi hii. Kailemia anaeleza bila haraka. Chuma hupunguzwa kwenye ukingo wa nje, upande wa nyuma. Uso unaoshikana na klachi hauguswi ila kusawazishwa. Karibu na bolti haendi kabisa. Pembe za ndani huzizungusha, kwa kuwa pembe kali ndipo ufa huanzia.

Vilevile amekataa kupunguza uzito wote alioombwa. Anasema flaiwili nyepesi mno huifanya injini izimike gari linapopanda jiwe taratibu. Ciakuthii alitaka zaidi. Wamezozana, na bado hajaridhika sana.

"Mzee huyu ni mgumu," anasema, akimtazama. "Baba pia ni hivyo hivyo."

Wiki iliyofuata, flaiwili iliporejea kutoka Nairobi ilikosawazishwa pamoja na klachi ili isitetemeke, mwandishi huyu alirudi karakanani. Juu ya giaboksi Kailemia alikuwa amefunga bamba nene la stili, ngao ya miguu ya dereva.

Walipoiwasha injini mara ya kwanza, hakuruhusu mtu ndani ya gari wala kusimama ubavuni mwake. Alivuta pedali ya mafuta kwa waya mrefu, akiwa nyuma ya ukuta, akipandisha kidogo kidogo. Injini ilinguruma, ikapanda, ikashuka bila kutetemeka. Alirudia hadi akatosheka.

Kisha Ciakuthii akaketi kwenye usukani ili alijaribu gari barabarani. Kailemia alizunguka upande wa pili, akafungua mlango na kuingia. Mguu wake wa kulia ulikaa kando kabisa ya giaboksi. Ciakuthii alimwambia si lazima.

"Twende, mwari," alimjibu. Ndivyo wazee wa huku wanavyomwita binti yao.

Waliporudi, Kailemia alibaki kitini muda mrefu baada ya injini kuzimwa, mikono juu ya mapaja. Ciakuthii naye hakushuka.

Mwisho wa mwaka Kailemia anapanga kuiuza mashine na kurudi kwao Muthara. Magoti yanamsumbua, na miwani hii ameshaibadilisha na bado haoni vizuri. Hana mpango wa biashara nyingine. Anachotaka ni kupumzika.

Lakini kabla ya hapo yako mashindano mengine Mbeere. Kwa miaka yote aliyokarabati magari hayo, hajawahi kwenda kuyatazama yakikimbia. Safari hii Njue amemwambia atamwekea nafasi kando yake.

"Nitaenda," anasema. "Tutakaa mimi na yeye mahali palipoinuka, tusikie hiyo injini ikipita. Nataka nisikie hadi ipotee mbali, ikiwa nzima."