Mzee Jalada Hana Kiti

Afisa utumishi wa kampuni ile ya bima ndiye aliyeleta mtindo mpya wa ofisi. Meza za kila mtu na yake ziliondolewa. Sasa asubuhi mtu anachagua pa kukaa kwa programu ya simu janja, apate kuzoeana na wenzake. Alipaka kuta rangi, akaleta viti vya kuzunguka, kisha akagawa fomu za maoni. Karibu wote walijaza kwamba wameridhika, naye akatembea kichwa juu. Bosi akamwambia ajiandae kuwaeleza wakurugenzi.

Siku mbili kabla ya kikao hicho alishuka stoo kutafuta karatasi. Nyuma ya rafu akamkuta mtunza kumbukumbu, waliyemwita Mzee Jalada, ameketi juu ya katoni, mafaili magotini, anaandika. Huyu ndiye aliyempokea alipoanza kazi, akamfundisha hata kuandika barua, kwa utani wake kwamba faili likipotea limekwenda kuposa.

"Shikamoo, mzee. Mbona huku?"

"Marahaba, mwanangu. Huku kuna utulivu."

Alimdadisi mpaka mzee akasema. Simu yake ilikuwa ya vitufe, haichagui meza. Mwanzoni alizunguka korido na faili kwapani kama mtu aliyetumwa, vijana wasijue kuwa hana pa kukaa. Baadaye akaona heri ajisitiri stoo. Ulikuwa mwezi wa nne sasa.

"Na fomu ya maoni, mzee? Mbona hukusema?"

"Niliweka alama kwenye 'nimeridhika sana'. Kazi ilikuwa yako, mwanangu. Ningekuharibiaje?"

Uso ulimshuka afisa. Angetukanwa angejua pa kujitetea. Wema ule ulimvua nguo. Mara ngapi alimpita pale korido, akampungia mkono, akasema moyoni kwamba mzee bado mkakamavu!

Kikaoni hakuonyesha asilimia zozote. Alisimulia habari ya katoni, akakiri kwamba alipima furaha ya watu bila kuwauliza wanakaa wapi. Bosi alikunja uso, lakini mkurugenzi mmoja akaagiza anayetaka meza yake arudishiwe. Walijitokeza wanane.

Mzee Jalada alipewa ya dirishani, akashukuru kana kwamba amefanyiwa hisani. Afisa utumishi hakuweza kuzipokea shukrani zile. Mwezi mzima alipandia ngazi za nyuma, asikutane naye.