Kadi Zilizoita Marehemu

Siku ya kuchagua mashine tulikuwapo hawa. Mimi. Mdogo wangu wa kiume. Mdogo wetu wa mwisho, msichana. Fundi wa mashine aliyekuja kutoka Unguja. Bi Mkubwa wa nyumba ya pili, aliyenisaidia kuwalea wadogo zangu tangu tulipofiwa. Na wachumaji wetu wa karafuu, wanawake kwa wanaume, wamekaa majamvini wanachambua. Baba na mama sikuwahesabu. Makaburi yao yako nyuma ya shamba, hapa hapa kijijini Ole. Bi Mkubwa aliniambia baadaye kwamba ilinipasa kuwahesabu.

Shida yangu ilikuwa moja. Enzi za mama, kila mchumaji alifunga kipande cha kanga kwenye kikapu chake, na mama akikiona tu alijua ni cha nani. Alipofariki niliacha shule nikaishika kazi kwa njia ile ile. Lakini wachumaji walipozidi, vitambaa vikafanana, na kila alasiri wakati wa kupima ikawa ugomvi wa pishi zangu umempa fulani. Wengine walikuwa wameshaanza kuhamia mashamba ya watu. Na karafuu haikungoji. Ikichanua mtini, imekwenda. Tungewakosa wachumaji msimu ule, mikarafuu tuliyokodi ingetushinda na kazi ya mama ingeishia mikononi mwangu.

Fundi alipanga vifaa vyake mezani ukumbini. Cha kwanza kilisoma kidole. Bi Mkubwa akaweka chake, ikawaka taa nyekundu. Akaweka kingine, nyekundu. Wakaja wengine, ikawa vile vile. Vidole vya wachumaji vimelika kwa kazi na kupakaa weusi wa karafuu, havina mistari ya kusomeka.

"Kinasema hakuna mtu," fundi alisoma kwenye kioo.

"Ala! Na mie niliyekaa hapa ni nani?" akasema Bi Mkubwa. "Basi nileteeni sanda yangu, mashine ishatoa habari."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika upesi, na kila mmoja nikamwona anajitazama vidole.

Cha pili kilikuwa cha kadi ya kupitisha kwenye ufa. Fundi mwenyewe alikiri kwamba vumbi na mafuta ya karafuu vingeiharibu. Cha tatu kilikuwa cha kadi yenye chipu. Unaigusisha tu, kifaa kinataja jina lako kwa sauti, kisha pishi zako zinaingia.

"Hata asiyejua kusoma atasikia mwenyewe," fundi alisema.

Hilo ndilo lililonichukua. Kila mtu asikie mbele ya wenzake pishi zimekwenda kwa nani. Nikachagua hicho.

Fundi akajifungia chumbani na kompyuta yake, nao wachumaji wakaingia mmoja mmoja kumpa majina. Alitaka na picha, wakakataa wote. Mimi nilikuwa uani naanika, sikuyasikia waliyosema.

Kesho yake alasiri tukaanza. Mchumaji wa kwanza, mwanamke, akagusisha kadi. Kifaa kikataja jina kwa sauti ya kike, tulivu, isiyokuwa ya kwetu, kikamalizia: "Karibu." Lilikuwa jina la mumewe, tuliyemzika kabla ya Ramadhani. Nikadhani fundi amekosea. Mzee aliyemfuatia akagusisha yake, likatajwa jina la mwanawe aliyezama. Hakuna aliyeshangaa. Walipokea vikapu vyao wakapisha, macho chini, nami nikaendelea kupima kwa sababu mikono ilikuwa imeshazoea.

Ndipo akaja mdogo wetu wa mwisho na kikapu chake. Kifaa kikamtaja mama, jina lake na la babu. "Karibu."

Kipimo cha pishi kilibaki hewani mkononi mwangu.

"Umefanya nini weye?"

"Tumekubaliana wote, dada," alisema. "Jina langu likae ndani ya kisanduku cha mtu nisiyemjua? Likiangukia kwa mwenye nia mbaya je? Mama hawezi kurogwa tena."

Kwetu jina lako halitolewi ovyo kwa mgeni. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni, na katika kuchagua kwangu kote halikunijia.

"Nami nimemtoa marehemu dada yangu," Bi Mkubwa alisema kutoka jamvini. "Tulifikiria kuandikwa, mwanangu. Kuitwa hatukukufikiria."

Foleni iliendelea, lakini baada ya jina la mama masikio yangu hayakushika jingine.

Magharibi, wachumaji walikuwa wameshaondoka na kadi zote ziko kwenye misumari ya ukutani. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa kisimani anatia udhu. Nilikuwa nakunja jamvi niliposikia mezani jina la mama. "Karibu."

"Kimesoma kadi kwa ukaribu," mdogo wangu wa kiume alisema.

"Ukaribu gani?"

Akatazama meza, akatazama misumari upande wa pili wa ukumbi. Akakifunika kifaa kwa taulo. Hakuna aliyeitika.

Asubuhi nilimwambia fundi aondoe sauti na afute majina yote, zibaki namba tu. Akatoboa kadi tundu, na kila mchumaji akafunga kitambaa chake. Kitambaa kikifanana na cha mwenzake, namba inaamua. Ugomvi ukaisha, waliohama wakarudi, na tukamaliza kuchuma karafuu zingali vifungo, hazijachanua.

Lakini Bi Mkubwa hakutulia. Wale wameitwa kazini, alisema, na wamekuja. Lazima wasomewe hitma, kila mmoja kwa jina lake, ndipo warudi. Wachumaji walinitajia marehemu wao, tukawasomea. Mama tulimsomea wa kwanza.

Amebaki marehemu mmoja. Aliyemtoa ni mwanamke wa kisiwani Kojani, aliyegusisha kadi nyuma ya mdogo wangu siku ile na asirudi tena, na waliokuwa foleni hakuna anayelikumbuka jina. Nilivuka kwenda kumwuliza. Alinipokea vizuri, akanipa chai, na jina akakataa.

"Nikikutajia, utamwita tena," alisema.

Kadi yake ingali msumarini, haina kitambaa. Hitma ya mtu wake hatujaisoma.