Mdogo wangu alikataa kupunguziwa umri, akajitafutia mwenyewe nafasi ya basketi chuoni

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni fundi wa friji hapa Juba, kibanda changu kiko soko la Konyo Konyo, na kwa kawaida humu nasoma tu za wenzangu halafu napita.

Leo naandika mimi. Haya yametokea nyumbani kwetu, nimeyaona kwa macho yangu, na sitaficha hata pale ambapo mimi ndiye nilikuwa mjinga. Mtaona wenyewe ni wapi.

Ni habari za mdogo wangu wa kike, Achan.

Kwanza mjue tulikotoka. Tumelelewa Kenya, Kitale. Baba alifariki tukiwa huko huko. Tuliporudi Juba mimi nilikuwa nimeshamaliza shule, Achan bado mdogo, na kwa sababu ya kuhamahama akapoteza miaka kadhaa ya masomo. Kwa hiyo alipofika senior four, mwaka wa mwisho wa sekondari, alikuwa na miaka kumi na tisa.

Hapa hilo si ajabu. Darasani kwao kuna hata waliomzidi.

Basketi aliianzia hapa. Ni mrefu, anainama kuingia mlango wa nyumba yetu, mtaa wa Mangateen. Lakini Juba warefu ni wengi mno wakuu, urefu peke yake haukupi jina. Kitu alichonacho Achan ni macho. Anampa mwenzake pasi kabla huyo mwenzake hajajua kwamba yuko wazi.

Uwanja wa shule yao ni sementi iliyopasuka, ring moja imeinama. Alikuwa anafika pale saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, kabla ya vipindi. Hakuna aliyemtuma.

Sasa. Siku moja baada ya mechi akaja jamaa amevaa tracksuit safi, Kiingereza kimenyooka. Nitamwita Skauti, yaani mtafuta vipaji, maana ndivyo alivyojiita. Akaniambia huyu binti ni wa Amerika. Ataanzia high school ya bweni kule, makocha wa vyuo vikuu watamwona, chuo kitamgharamia kila kitu.

Hakuomba hata pauni moja. Ndiyo maana nilimwamini.

Jumamosi akaja nyumbani. Mama akapika chai, tukakaa chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli mbele ya nyumba. Skauti akafungua pasipoti ya Achan, akatikisa kichwa.

"Kumi na tisa ni mingi," akasema. "Kule wanataka wa kumi na sita. Tutatengeneza karatasi nyingine."

Hapa wakuu naomba msinipige mawe. Mimi nilikubali.

Hoja yangu ilikuwa hivi. Pasipoti ya Achan inasema alizaliwa tarehe moja Januari. Yangu pia. Ya Mama pia. Mliopita kwenye maisha ya ukimbizi mnajua, ukifika kujiandikisha na hujui tarehe yako, unapewa Januari moja. Nikawaza, kama tarehe yenyewe tuligawiwa na karani, mwaka nao una utakatifu gani?

Nikamwambia Achan hivyo hivyo, mbele ya mgeni.

Akaniangalia. "Kaka, siku hatuijui. Mwaka tunaujua."

"Ni karatasi tu, Achan."

"Na Ngor je?"

Niwaeleze. Ngor alikuwa pacha wake. Kwetu Wadinka hata jina lenyewe, Achan, ni jina la pacha. Ngor alikufa kwa malaria wakiwa na miaka miwili.

"Mkiniandika nimezaliwa miaka mitatu baadaye," akasema, "Ngor atakuwa amekufa kabla mimi sijazaliwa. Nitakuwa pacha wa nani?"

Nikainamia kikombe changu cha chai.

Skauti akaanza kusema mambo ya opportunity. Mama akainuka, akachukua kikombe chake kikiwa na chai nusu, akaingia nacho ndani. Akarudi mikono mitupu, akasema neno moja tu la Kiarabu cha Juba: "Kalas." Yaani imetosha, yamekwisha.

Jamaa akaenda zake. Akiwa getini akaniambia tutajuta.

Na mimi nilijuta kweli, kwa muda. Wiki mbili nzima nilikuwa nikirudi nyumbani nakula nimenuna. Niliona bahati imekuja mpaka mlangoni kwetu na huyu mtoto ameifukuza.

Yeye hakunibembeleza. Alinunua daftari.

Kwenye lile daftari aliandika vyuo vya Kampala na Nairobi vyenye timu ya basketi ya wanawake. Chuo, jina la kocha, barua pepe, na kama wanachukua wanafunzi wa nje. Yote aliyatafuta kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akisubiri network kama mtu anayesubiri mvua. Mimi nilidhani skolashipu za michezo ni za Amerika tu. Kumbe hapa jirani zipo, na kocha unaweza kumwandikia wewe mwenyewe.

Kikabaki kitu cha video. Makocha wote wanataka kukuona unacheza.

Hapo akaingia Mama Brenda. Ni Mganda, anauza kava na chaja za simu kando ya kibanda changu. Achan alimwomba amrekodi mechi moja. Yule mama alifunga duka mchana wa biashara, akapanda boda na meza yake ya plastiki, akasimama juu yake pembeni ya uwanja mechi nzima.

"Wewe cheza tu," akamwambia. "Simu yangu iko na memory mingi, na mimi iko na miguu nguvu."

Mechi ile walifungwa.

Nikamshauri Achan akate vipande vya magoli yake peke yake, aweke na muziki. Kila mtu anafanya hivyo. Akakataa tena. Alituma robo ya nne yote, ile waliyofungwa, bila kukata. Na kwenye barua aliandika umri wake kamili, alama zake za shule, halafu sentensi hii: "Mkono wangu wa kushoto bado ni dhaifu na ninaufanyia kazi."

"Futa hiyo ya mkono," nikamwambia.

"Si watauona kwenye video, kaka? Bora wasikie kwangu."

Alituma barua tisa. Saba hazikujibiwa. Moja ilijibiwa kwa heshima kwamba timu imejaa.

Ya tisa ilijibiwa na mwanamke mmoja wa Kampala, Kocha Prossy. Akaomba video call.

Achan aliongea naye akiwa kibandani kwangu, kwa sababu pale network ni nzuri kidogo. Nikazima jenereta ili wasikilizane, wateja wakaniangalia vibaya, nikawaambia malesh, samahani, kuna kikao. Lugha ilikuwa Kiingereza, nawawekea kwa Kiswahili.

"Kila siku natumiwa video za watu wanaofunga," kocha akasema. "Wewe umenitumia video mnafungwa. Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo niliyocheza vizuri, madam."

Kocha akacheka. Akasema aliona dakika za mwisho, timu imeshakata tamaa, na Achan bado anakimbia kurudi kukaba. Halafu akauliza umri, Achan akamwambia. Kocha akasema hakuna shida, miaka ya kuchezea chuo unayo ya kutosha.

Hilo swali lilichukua kama sekunde tano, wakuu. Mimi nilikuwa nimeshika spana, nikaiweka chini.

Lakini akauliza pia hesabu. Achan akataja alama zake. Kocha akasema yeye hachukui miguu, anachukua mwanafunzi, na bila kufaulu hesabu chuo hakitampokea. Akamwalika kwenye trial, yale majaribio ya kuchagua wachezaji.

Mimi na Achan tukaenda Kampala kwa basi. Hatukufika mbali, pale Nesitu likaharibika. Kwa saa mbili nzima tumekaa kando ya barabara na malori ya kwenda Nimule, mpakani. Abiria wengine walilala, wengine walilalamika. Achan alitoa mpira kwenye begi akaanza kudunda kwa mkono wa kushoto peke yake, huku na huku katikati ya malori. Madereva wakaanza kumhesabia kwa sauti. Kila mpira ukimtoroka wanapiga kelele "Anza moja!" na yeye anaanza upya, anacheka.

Nilimtazama pale nikaona kwamba huyu sikumfundisha mimi.

Trial ilikuwa na wasichana wapatao ishirini. Na sitawadanganya, Achan hakung'aa. Mipira yake minne ya kwanza ilikataa kuingia. Uwanja ulikuwa wa mbao, wa ndani, hajawahi kukanyaga kitu kama kile, mguu ukawa unateleza na kusita. Pasi mbili zake ziliwapita wenzake kwa sababu hawakutegemea kupewa.

Mwisho kocha akasoma majina manane. La Achan halikuwemo. Akawekwa kwenye orodha ya akiba, kwamba nafasi ikipatikana ataitwa.

Mimi nilikuwa nimeshabeba begi tuondoke. Nilitaka kumtoa pale kabla hajalia.

Hakulia. Alikwenda kwa kocha na lile daftari akauliza, "Madam, nirekebishe nini?"

Kocha akamwangalia kwanza, kama anapima kama ni maneno tu. Halafu wakakaa kwenye benchi karibu nusu saa. Alimwambia mambo matatu: mkono wa kushoto, kutoa sauti uwanjani ili wenzake wajue pasi inakuja, na hesabu.

Tuliporudi Juba ndipo nilipomjua mdogo wangu.

Asubuhi alikuwa uwanjani, mkono wa kulia kaufunga na khanga ya Mama kiunoni ili asiutumie. Saa moja alikuwa na mwalimu wa hesabu, ambaye alikubali kuja mapema kwa sababu, aliniambia baadaye, hakuwahi kuombwa na mwanafunzi. Na mazoezini alianza kupiga kelele. Huyu Achan wetu mpole! Majirani walidhani kuna ugomvi.

Kila Jumapili baada ya kanisa Mama Brenda alimrekodi dakika tatu, naye Achan akamtumia kocha. Wiki za mwanzo kocha hakujibu kitu. Achan alituma tu. Wiki ya sita likaja jibu la maneno mawili: "Kushoto, vizuri."

Alikimbia mpaka kibandani kunionyesha.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, hesabu alifaulu. Si kwa kishindo, alifaulu. Aliyapiga picha akayatuma siku hiyo hiyo. Baada ya siku chache kocha akapiga simu mwenyewe: mmoja wa wale wanane ameacha, nafasi ipo. Ada na bweni chuo kitabeba, chakula na nauli ni juu yetu.

Mama alipoelewa alimpulizia Achan mate ya baraka kichwani, kama wanavyofanya kwetu, halafu akaenda kwa Mama Brenda na kuku mzima anayepiga kelele.

Wakuu, nimejifunza nini? Kwanza, mwenye kipaji nyumbani kwenu muulize yeye anataka nini kabla hujamkubalia mtu mwingine. Mimi ni mkubwa wake, na nilikuwa tayari kumfutia maisha yake kwa kalamu ya mtu nisiyemjua. Pili, makocha wanajibu. Si wote, lakini waandikie, waambie ukweli, na wakikukataa waulize sababu. Hiyo ya kuuliza sababu mimi hata kwenye kazi yangu sijawahi kuwa na moyo nayo. Nimeanza sasa.

Achan ameshaanza mwaka wa kwanza. Mechi yake ya kwanza alikaa benchi karibu muda wote. Jioni akanipigia, sauti juu.

"Kaka, nimecheza dakika nne!"

"Umefunga ngapi?"

"Sijafunga. Lakini niliyekuwa namkaba naye hakufunga."

Mwenye mdogo wake au mtoto wake anayecheza, aulize hapa chini, nitajibu ninachojua. Na mliopitia njia hii Nairobi, Kampala au kwingine, semeni ilikuwaje, tusaidiane. Link ya uzi huu nimemtumia Achan, kwa hiyo pale nilipokosea atakuja mwenyewe kunisahihisha, na safari hii nitamsikiliza.