Jumamosi ya Mwalimu Kristofa

"Mama Asheri, hebu niambie kweli, huyu mwalimu wenu hulala lini?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Sabiha asubuhi moja tukipepeta mchele, kila mtu barazani kwake. Nilitaka kumjibu kwamba hulala usiku kama viumbe wengine wa Mungu, nikakumbuka kuwa usiku wa jana nilimsikia akiwafundisha walinzi. Nikataka kusema hulala alfajiri, nikakumbuka alfajiri ni zamu ya wanyapara. Nikabaki na ungo wangu mapajani.

"Labda hulala huku anatembea," nikasema.

"Basi ndiyo maana! Jana kaniamkia shikamoo, mimi rika la dada yake. Nikasema haidhuru. Kisha kamwamkia na mbuzi wangu."

Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa huruma, maana kijana yule nilikuwa nimemfanya mwanangu.

Jina lake ni Kristofa Mhango, na kwao ni mbali, Unyasa. Alikuja katika shamba letu la mkonge la Kwamgombe, kati ya Tanga na Muheza, mwaka wa hamsini na nne. Mume wangu alikuwa seremala wa shamba, na chumba alichopewa mwalimu kilipakana na chetu. Kwao alisomeshwa na wamisionari wa Kiskochi, akakijua Kiingereza kama sisi Washambaa tunavyojua kupanda mlima. Meneja wetu, Mgiriki, alimwajiri afundishe watoto wa kambini Kiingereza asubuhi. Asubuhi tu. Hiyo ndiyo kazi aliyoijia, na mimi nilikuwapo ilipotamkwa.

Lakini mambo yote ya kambi yalikuwa mkononi mwa nyapara mkuu, Mzee Miraji, Mnyamwezi mrefu mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Ila alisikia kwamba katika shamba la jirani kuna nyapara aliyemjibu bwana wake kwa Kiingereza akapewa baiskeli. Tangu siku hiyo Kiingereza kilimwingia kama homa. Akasema, "Kikiingia kambini kwangu, kiingie kila nyumba, kama posho."

Kambi yetu iliendeshwa kwa chuma cha reli kilichoning'inizwa karibu na ghala. Mzee Miraji alikigonga kwa nondo yake, watu wakaamka, wakaenda kazini, wakarudi. Nondo ile hakumpa mtu. Baada ya mwalimu kufika, akaanza kuongeza milio. Aligonga alfajiri wanyapara wasome kabla ya kuitwa majina. Aligonga adhuhuri kwa madereva wa reli ndogo. Alasiri makarani, magharibi wanawake, baada ya isha wapishi. Walinzi nao wakalalamika kwamba wao wamesahauliwa, na kwa kuwa hawawezi kuacha lindo, ikaamriwa mwalimu awafuate huko huko langoni na kibatari. Hata ikawa wanawake tunaepua vyungu chakula kikiwa kibichi kwa kuwa tumesikia chuma tukadhani ni mchana.

Yeye Mzee Miraji mwenyewe hakuwa na nafasi ya kukaa darasani, basi akafundishwa akitembea. Mwalimu alimfuata nyuma kati ya mistari ya mkonge, ile miiba ya ncha ikimchoma suruali (shahidi ni mimi niliyezitia viraka), akitaja jani, kisu, jua. Mzee akimtukana mkataji mvivu, mwalimu hutakiwa amwambie kwa Kiingereza alivyosema. Naye hugeuza kwa upole wake: "Tafadhali, ndugu, ongeza bidii." Mzee Miraji akayashika hayo hivyo hivyo. Akawa anatukana kwa Kinyamwezi, anabembeleza kwa Kiingereza, na mkataji hajui ashike lipi.

Mimi nilikuwa katika darasa la wanawake. Jioni moja mwalimu aliandika ubaoni, mkono ukapunguza mwendo, kisha chaki ikashuka taratibu mpaka chini, nayo ikaacha mstari mrefu. Alikuwa amelala amesimama. Sisi tukaunakili ule mstari vile vile, tukidhani ni herufi. Wa Sabiha ulikuwa mzuri kuliko yote.

Nilimwambia, "Mwanangu, kataa. Hapana si dhambi."

Akanijibu, "Mama, kwetu mgeni akipewa jembe na mwenyeji halirudishi."

"Hata akipewa majembe saba?"

Akatabasamu tu. Alikuwa na adabu mpaka ikawa ugonjwa.

Sasa sikilizeni jambo lililomkaba. Kanisani kwetu alionana na Lea, binti wa Mzee Rafaeli, Mshambaa mwenzetu aliyeteremka mlimani akapanda michungwa karibu na Muheza. Lea alimpenda, na yeye akampenda hata akawa anakosea mapigo ya wimbo. Mzee Rafaeli hakukataa. Alisema tu: huyu kijana hana ndugu huku, basi aje mwenyewe siku ya Jumamosi pamoja na mtu wa kumsemea, tumwone usoni, aseme haja yake. Si sharti gumu.

Jumamosi ya kwanza Mzee Miraji aliwarudisha wanyapara wote darasani kwa kuwa walisahau salamu. Jumamosi ya pili meneja alipata mgeni, nyapara akataka mgeni asikie watoto wakiimba kwa Kiingereza, mara asubuhi, mara jioni, mara mgeni akipanda gari. Kule Muheza ubwabwa ulipoa. Mzee Rafaeli akamtuma mchuuzi wa machungwa na maneno haya: "Mwambieni mwalimu, mtu asiye na nafasi ya kuposa, nafasi ya kuwa mume ataipata wapi? Jumamosi ijayo nangoja. Asipokuja nitajua ameshaoa kazi, nami binti yangu simtii uke-wenza."

Alhamisi ya juma lile chuma kikalia wakati usio wake. Tukakusanyika. Mzee Miraji akatangaza kwamba Jumamosi, tangu kucha mpaka kuchwa, kambi nzima itapimwa Kiingereza mbele ya meneja.

Kwa mara ya kwanza nilimwona mwalimu akimwendea. "Mzee," akasema, "Jumamosi mimi nina jambo Muheza. La kuposa."

"Posa Jumapili."

"Jumapili uliweka wapishi, mzee."

"Basi itaonekana siku. Mke hakimbii, mwanangu. Kiingereza ndicho kinachokimbia."

Mwalimu akasema, "Ndiyo, mzee." Jioni ile hakugusa ugali wangu. Alikaa akiutazama ukuta, macho yamejaa maji, nami nikaingia ndani nikapiga magoti. Nilimwomba Mungu aulainishe moyo wa Mzee Miraji, na kama hauna sehemu laini, basi afanye njia nyingine anayoijua Yeye.

Asubuhi yake nikamweleza Sabiha. Yeye ni Mwislamu, Mzigua wa Mkwaja, na katika mambo ya kumwomba Mungu hatukupata kubishana hata siku moja.

"Sala ni njema, shoga," akasema, "lakini wewe utamwendea Miraji kwa adabu, na adabu kwake haifui dafu. Umesahau kuwa Mnyamwezi ni mtani wangu?"

Sikuwa nimesahau. Kambi nzima ilijua utani wa Wazigua na Wanyamwezi, wa tangu misafara ya mababu. Mtani atakuchukulia kofia, atakutukana mbele ya wakwe, atakuzuilia hata jeneza njiani mpaka umkomboe, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, umejiaibisha mwenyewe.

"Tatizo la mwalimu ni hilo," Sabiha akaendelea. "Katoka huko Unyasa, hana mtani hata mmoja. Mtu bila mtani ni nyumba bila mlango wa uani. Moto ukiingia mbele atatokea wapi?"

"Utafanya nini?"

"Sijui bado. Mungu wako na wangu atanionyesha."

Akatuonyesha Jumamosi alfajiri. Chuma kililia. Mwalimu akatoka chumbani na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akaketi barazani kwangu kwenye kitanda cha kamba ili akivae. Nilipotoka na chai nikamkuta ameanguka ubavu, kiatu kifuani, usingizi umemchukua. Nikanyosha mkono nimwamshe.

"Mwache!" Ni Sabiha, na mtungi wa maji kichwani. Akamtazama mwalimu. Akanitazama mimi. Akatua mtungi, akaingia kwake, akarudi na shuka jeupe, akamfunika tangu nyayo mpaka utosi. Kisha akaweka mikono kichwani akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika hadi Horohoro mpakani.

"Uwiii! Mwalimu kafa! Kafa kwa Kiingereza!"

Wazigua wenzake wakatoka vyumbani kama siafu. Waliojua wakalia kwa utani, wasiojua wakalia kweli, na sauti zikawa ni zile zile. Mzee Miraji akaja mbio, nondo mkononi, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu la sabuni. Akaliona shuka.

Akanigeukia mimi. "Mama Asheri, wewe ni mtu wa kanisa, husemi uongo. Kafa?"

"Mzee," nikasema, "mimi nimemkuta amelala. Mengine anayajua Mungu."

Ndipo chini ya shuka ukatoka mkoromo, mrefu, kama msumeno wa mume wangu kwenye mninga. Mzee Miraji akashusha pumzi. Kisha akamtazama Sabiha, akatambua.

"Mtani!"

Hakumaliza. Sabiha alishampokonya nondo, akaiweka mkekani, akaikalia. Na Sabiha Mungu alimjalia mwili.

"Nipe nondo yangu, Mzigua."

"Njoo uichukue."

Watu wakacheka mpaka kuku wakaruka. Mzee akazunguka mkeka, akakuna kichwa. Jua lilikuwa linachomoza, majina hayajaitwa, na bila chuma hakuna mtu aliyetaka kujua kumekucha.

"Wee mpagazi," Sabiha akamwambia, "mizigo ya babu yako imekwisha, sasa wamtwika mtoto wa watu? Umemuua, tulipe."

"Nitatoa jogoo."

"Jogoo tumfanye nini? Tumfundishe Kiingereza?"

"Haya, mnataka nini nyie wala mihogo?"

"Jumamosi yake."

"Nusu ya siku."

"Maiti wa nusu siku umemwona wapi?"

Sauti ya gari la meneja ikasikika kwa mbali. Mzee Miraji akafuta povu kwa kiganja. "Chukueni Jumamosi."

"Na alfajiri zake. Na usiku wake, walinzi walinde. Na kumburura mkongeni, basi."

Hapo uso wa mzee ukabadilika. Akasema polepole, kama si mbele za watu, "Hilo la mkongeni niachie, mtani. Mimi nitajifunza wapi? Nimezeeka hivi, nani atanifundisha?"

Hata Sabiha akalegea kidogo. "Utakaa na sisi wanawake magharibi," akamwambia. "Nitakupa nafasi karibu na mimi, unakili kwangu."

"Nikae na wanawake?"

"Au nikae na nondo?"

Akakubali. Kisha Sabiha, kabla hajainuka, akaongeza la mwisho: "Na wewe uliyemuua ndiwe utakayekwenda leo kumposea."

Basi nondo ikarudi, chuma kikalia. Meneja alipofika akauliza kwa nini hakuna mtihani, Mzee Miraji akamjibu kwa Kiingereza kwamba pana msiba, na kwamba aliyekufa anaendelea vizuri. Meneja alifurahi mno kusikia Kiingereza kinywani mwa nyapara wake hata akasahau kuuliza zaidi.

Lori lilikuwa linakwenda Muheza kuchukua mahindi ya posho. Tulimpakia mwalimu pamoja na magunia matupu. Alifungua macho, akasema "Ndiyo, mzee," akalala tena. Mimi na mume wangu tulikaa naye kama wazazi, Mzee Miraji akakaa mbele na dereva, amevaa kanzu ya Idi, akijikohoza kama mtu anayekwenda kuhutubu.

Na kweli alihutubu. Barazani kwa Mzee Rafaeli alimsifu mwalimu mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Mzee Rafaeli akamsikiliza, kisha akauliza, "Yote nimeyasikia. Ila nafasi anayo?"

"Anayo," akasema Mzee Miraji. "Nimempa mwenyewe leo asubuhi, tena mbele ya watani. Nikimnyang'anya watanikalia mimi."

Mzee Rafaeli akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Basi, wazee wamesema. Binti nimekwisha kumwuliza, hana neno. Limebaki moja tu. Kijana, simama. Nataka nisikie kwa kinywa chako mwenyewe: umekuja kuomba nini nyumbani kwangu?"

Lea alikuwa nyuma ya pazia, akisikiliza. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mpaka leo, maana wana nyumba yao pale pale kwenye michungwa na mwalimu anafundisha asubuhi tu, mumewe akijinyosha baada ya chakula yeye humrudia jibu alilolitoa siku ile, wakacheka wote wawili.

Mwalimu Kristofa akasimama. Shavuni alikuwa na alama za gunia. Akamtazama Mzee Rafaeli, akamtazama Mzee Miraji, akakitazama kitanda cha ukindu kilichokuwa pembeni ya baraza. Akavua kofia.

"Shikamoo, baba," akasema. "Kabla ya mengine, naomba mahali nilale kidogo."