Daktari wa Tangi

Wanawe wanamwita Daktari, maana mpira wa kujazia maji ya kunywa huutundika shingoni usije ukagusa chini. Mzee huyu na karavani lake, kijumba cha magurudumu anachokikokota nyuma ya gari, ni chanda na pete, ila mapenzi yenyewe yako kwenye tangi la maji. Kabla ya kila safari hulitia dawa, huliacha lilale nayo, kisha hulisuuza mpaka majirani wanadhani bomba limepasuka. Halafu hunusa mfuniko, macho kayafumba, utadhani anachagua marashi.

"Baba, hilo tangi umelitolea mahari?" bintiye humchokoza.

"Cheka tu, tumbo litakucheka wewe."

Safari hii binti kaja na kitoto kichanga, na maziwa ya chupa yanataka maji. Anafungua bomba la karavani. Mzee, aliyelisifia tangi njia nzima, anamfungia taratibu, anabandika birika jikoni.

"Tuchemshe kwanza."

"Makubwa. Daktari leo haliamini tangi lake?"

"Tangi naliamini," anasema, macho kwa mjukuu. "Aliyeliosha ndiye simwamini."