Vibaba Vinne vya Martina

Hebu mwone Martina akiingia sokoni Morogoro asubuhi ile: kiroba cha mchele wa Turiani kichwani, kibaba cha bati mkononi, midomo ikichezacheza. Wapita njia walidhani anasali. Kumbe alikuwa anahesabu nota.

Kiwanda alichofanyia kazi tangu usichana wake kilikuwa kimeuzwa, wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani. Soko huria likamfundisha kupima mchele. Pa kusimama bega kwa bega na wenzake pakabaki kwaya tu, na sasa hata hapo palikuwa panaponyoka.

"Mama Martina," mwalimu wa kwaya, Alois, alikuwa amemwambia jana yake, kwa upole, "nota zako zinabaki nyuma. Zoezi la Jumamosi zikiwa hivi hivi, Pasaka utakaa na waumini."

Tomasi wa besi akadakia, "Anatupakia lumbesa huyu, gunia la kupita kipimo!" Kwaya ikaangua kicheko. Martina naye akacheka, uso ameuinamisha.

Jirani yake sokoni alikuwa Shakila wa Mkuyuni, muuza maharage.

"Hebu imba nisikie, shoga."

Martina akaimba huku akimpimia mteja. Shakila akautazama ule mkono. Kila kibaba kikijaa, Martina hutupia konzi ya nyongeza juu, ndiyo adabu ya muuzaji. Na kila nota ikifika mwisho, sauti nayo hutupia kidogo.

"Ewe! Hata Mungu unampa nyongeza?"

"Kwani nyongeza ni dhambi?"

"Hapa sokoni, hapana. Na ile nota ndefu unayosema wenzio wa sauti ya kwanza huivuta, ina nini ndani?"

"Mapigo manne. Ipo nusu yake, ina mawili. Zangu ni robo, pigo mojamoja. Nne zangu ndiyo moja yao."

"Si pishi na vibaba vyake hiyo!" Shakila akavuta pishi yake, ile ile anayopimia sadaka ya fitri. "Tia vinne."

Martina akatia maharage, kila kibaba na nyongeza yake. Yakafurika, yakatawanyika mkekani.

"Haya, sasa tia vya mfuto." Shakila akapitisha kiganja juu ya kibaba, kilichozidi kikaanguka. Vinne vikaingia, pishi ikajaa hadi ukingoni, haikumwaga hata punje.

Martina akaduwaa. Ndiyo maana wenzake hufika, yeye bado yuko njiani!

Jumamosi alificha kiganja chini ya khanga, kila robo akaifuta. Sauti ya kwanza ikavuta nota yake moja, zake nne zikaingia humo humo, wakatua pamoja. Alois akampa karatasi ya nyimbo za Pasaka. Tomasi akanong'ona, "Leo mizani ya serikali!"

Sikukuu ya Pasaka ilipopita, Martina alimpimia Shakila mchele wa pilau. Kibaba kikafurika, Shakila akanyoosha kiganja akifute.

"Toa mkono, shoga! Hapa hatuimbi."

Nawe unayenisikiliza, yule aliyekurudishia nafasi yako kati ya wenzio, ulimpimia cha mfuto, au cha kufurika?